Sumaku ya Bombei na Sindano ya Kaka Yangu

Tangu nilipoanza kununua dhahabu Geita sijawahi kutembea bila sumaku mfukoni. Wachimbaji wakishaosha mchanga wao, karaini hubaki dhahabu pamoja na mchanga mweusi wenye chuma. Mjinga huupuliza kwa mdomo, na vumbi la dhahabu linaenda na pumzi yake. Mimi nilikuwa naivika sumaku karatasi, naipitisha juu ya karai, mchanga mweusi unaruka wote na kuning'inia kama nyuki, na dhahabu inabaki imetulia kama bibi harusi. Kwa sumaku hiyo hiyo niliwakomesha waliochanganya unga wa msasa wa chuma ili uzito uongezeke. Mmoja nilimning'inizia uongo wake mbele ya foleni nzima, mkewe akiwa nyuma yake na mtoto mgongoni. Watu walicheka mpaka yule mama akageuka akaondoka peke yake. Sikumwonea huruma. Mimi pia niliingia duarani, ndani ya shimo la dhahabu, na nyundo na moko, patasi ya kuvunjia mwamba, nikiwa sina hata shati, na hakuna aliyenihurumia.

Darasa la nne niliacha kwa miguu yangu mwenyewe. Walionicheka siku ile, wengi wao baadaye walinishikia mlango wa gari. Nasema haya ili msomaji ajue ni mtu gani aliyempeleka ndugu yake Bombei miaka ile, wakati mtu wa kwetu akifika Mwanza anarudi anasimulia mwezi mzima.

Kaka yangu ndiye aliyenitangulia duarani. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na akili, na tuligawana kazi hivyo. Nilipojenga Kalangalala, pale pale Geita mjini, yeye alirudi kijijini kwetu, njia ya Ushirombo, akafuga ng'ombe na kulima mpunga. Kisha miguu ikaanza kumsaliti. Kwanza katambuga ilimvuka akiwa anatembea na asijue, aliendelea na mguu mmoja mtupu mpaka uwanjani kwa watu, na mkewe akamwuliza, "Baba, kiatu umemwachia nani?" Walicheka. Baada ya mavuno hakuna aliyekuwa anacheka tena. Miguu ilikakamaa kama miti ya kuanikia ngozi, akawa anainuliwa kupelekwa chooni.

Tulimpeleka hospitali ya misheni. Wakampiga picha ya eksirei ya kiuno na ya miguu. Daktari akasema mifupa ni mizima, haina kasoro.

Angenyamaza ingekuwa heri. Wana wa kaka, vijana wawili wenye vifua vipana na vichwa vidogo, walirudi nyumbani na neno hilo kama watu waliookota risasi. Mifupa mizima, miguu imekufa: basi kuna mkono wa mtu.

Wakaenda kwa mfumu, mganga wa kijijini anayesoma kuku. Alimtemesha kaka mate mdomoni mwa kuku, akampasua kuku yule, akamfungua juu ya ungo. Alionyesha doa chini ya bawa la kushoto. Akasema ni mwanamke, ni mtu mzima, ni wa upande wa baba.

Upande wa baba alikuwa amebaki mwanamke mmoja tu, shangazi yetu.

Shangazi ndiye aliyetulea mama alipokufa. Sitampamba. Alikuwa na ulimi wa kuchuna ngozi, alitupiga kwa mwiko wa ugali, na alikula kwanza ndipo sisi tukala. Lakini tulikula. Maisha yake yote alipikia kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia. Kwetu, mwanamke mzee mwenye macho hayo hahitaji kufanya kosa. Anasubiriwa tu.

Nilipofika kijijini vijana walikuwa wanayanoa mapanga juu ya jiwe, mchana kweupe, bila kujificha.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mnakwenda kuvuna?"

"Mwaka huu tunavuna mapema," mkubwa akasema, na mdogo wake akacheka puani.

Nikamwendea shangazi. Nilimkuta mlangoni anachambua choroko, anatazama njia. Nikamwambia ahame, nimpeleke Geita.

"Nikimbie nionekane nimekimbia?" akasema. "Mimi ningekuwa na uchawi ningeanza na wewe. Mdomo wako unanichosha tangu hujaota meno."

Basi nikawakusanya vijana, wazee na mfumu mwenyewe, nikawaambia: nampeleka mgonjwa kwenye mashine ambayo hamjapata kuisikia, inaona nyama ndani ya mtu kama mnavyoona samaki ndani ya maji ya Ziwa. Mpaka nirudi, anayemgusa shangazi nitamzika kwa pesa zangu mwenyewe. Mfumu alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye adabu, hakuwahi kupandisha sauti. Akasema, "Tutasubiri. Mashine nayo ni mfumu wa watu wengine." Vijana wakakubali. Lakini mapanga hawakuyarudisha darini.

Namna nilivyopata pasi na fedha za kigeni miaka ile haimhusu msomaji. Inatosha kujua kwamba nilipata.

Bombei nilitegemea niwe bubu. Asubuhi ya kwanza tuko kwenye benchi la hospitali, kaka kwenye kiti cha magurudumu, akatoka bwana mmoja wa Kihindi aliyevaa koti jeupe, akatuangalia, akatusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!"

Kaka alianza kulia. Bwana yule alizaliwa Shinyanga, baba yake alikuwa na kinu cha pamba, akaondoka kijana. Sasa ndiye mwendesha mashine. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, chenye mavumbi ya Kisukuma. Nikamwambia nieleze chombo chako, mimi ni mtu wa sumaku. Nikatoa yangu mfukoni.

Aliruka kama nimetoa nyoka. "Mzee, hiyo usiisogeze karibu na mlango ule! Itakutoka mkononi iniue mimi!" Akaifungia kwenye kabati. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Akanieleza, na nilielewa kuliko waliosoma, maana sikuwa na mengine kichwani ya kuyaondoa kwanza. Mashine ile ni sumaku, ila ni kubwa kiasi cha mtu kulala ndani yake kama mkate kwenye tanuri. Mwili wa mtu, alisema, sehemu kubwa ni maji. Ndani ya kila tone la maji kuna chembe zisizohesabika, na kila chembe ni kijisumaku. Siku zote zimetazama huku na huku, kama ng'ombe waliotawanyika malishoni. Mtu akiingia ndani ya sumaku kubwa, zinalazwa kuufuata mwelekeo mmoja, kama ng'ombe upepo wa mvua unapovuma. Kisha mashine inapiga wimbi la redio, wimbi kama hili linaloleta taarifa ya habari, na chembe zinashtuka na kuyumba. Wimbi likikatwa zinarudi zilivyokuwa, na katika kurudi kila moja inatoa sauti ndogo. Nyama yenye maji mengi inarudi kwa mwendo wake, mafuta kwa mwendo wake, uvimbe kwa mwendo wake. Mashine inasikiliza sauti zile, kompyuta inazichora.

"Kwa hiyo mifupa mizima si kitu," nikasema.

"Eksirei inapenda mifupa. Kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, ile inayobeba amri za miguu, eksirei haiioni. Hii inaiona."

Kisha akamwinamia kaka, akamwuliza pole pole: una chuma mwilini? Risasi, kipande cha moko, waya? Kaka akasema hana. Akaulizwa tena. Akasema hana. Mimi nikaapa kwa niaba yake, maana nilimjua ndugu yangu tangu utotoni. Nikauliza kuhusu jino langu la dhahabu, akasema dhahabu haivutwi. Nikasema hilo nalijua kabla hujazaliwa.

Wakamsukuma ndani. Mimi nikabaki upande wa kioo. Mashine ikaanza kugonga: ga-ga-ga-ga, sawasawa na kinu cha kusaga mawe. Nikawa natabasamu, nasema kaka leo yuko nyumbani.

Ndipo nikasikia sauti ya mtu anayechomwa.

Walimtoa. Alikuwa ameshika bega la kushoto, anatetemeka, jasho linamchuruzika. Yule bwana wa Shinyanga alikuwa mweupe kama koti lake. "Nilikuuliza!" akapiga kelele. "Mzee wangu, si nilikuuliza?"

Kaka aliangalia ukuta. Mimi nikamwinamia nikasema maneno ambayo ndugu hamwambii ndugu mgonjwa, na mwishowe akasema. Miaka ya nyuma, duara lilipowafukia wenzake Geita, alirudi kijijini kwa yule mfumu. Alichanjwa nyuma ya bega, na ndani ya chanjo ikaingizwa sindano iliyovunjwa, kinga ya udongo usimwangukie. Sharti lilikuwa moja: siku atakayoitaja kwa kinywa chake, mlima utamkumbuka. Ndiyo maana alikana mbele ya yule bwana. Alikuwa radhi achomwe na sumaku kuliko kutaja.

"Punda," nikamwambia. "Uko Bombei. Mlima gani utakufuata mpaka huku?"

Akasema, "Nimeshataja. Tutaona."

Walimchana bega, wakaitoa. Kipande cha sindano ya kushonea magunia, kimeshika kutu, hakizidi urefu wa kucha. Nikakiomba, wakanipa ndani ya kichupa cha dawa.

Zikabaki picha mbili. Ya kwanza, iliyopigwa sindano ikiwa ndani, ilikuwa na shimo jeusi mgongoni, kubwa kama ngumi, limeukunja uti wa mgongo na kuumeza. Nywele zilinisimama. Yule bwana akacheka. "Hilo si ugonjwa, mzee. Chuma kinaivuruga sumaku, picha inaharibika hapo kilipo. Hicho ni kivuli chake tu." Ya pili, iliyopigwa kidonda kiliposhonwa, ilikuwa safi. Pingili za uti zilijipanga kama shanga, katikati yake ile kamba ya neva, na katikati ya mabega, ndani kabisa, kitu cheupe cha mviringo, kama njugu mawe, kimeibana kamba mpaka imekuwa nyembamba kama uzi.

"Hiyo ndiyo miguu yake," akasema. "Inatolewa."

"Sindano ndiyo iliyoileta?"

"Hapana. Haihusiani kabisa. Uvimbe huu umeota wenyewe, polepole. Sindano ilikuwa jirani tu."

Kaka alikuwa pale. Alisikia kama nilivyosikia.

Wakampasua, wakaitoa ile njugu, na haikuwa ya aina inayorudi. Tukakaa Bombei mpaka alipoweza kusimama kwa fimbo. Mguu wa kulia ulirudi karibu wote. Wa kushoto ulirudi nusu, ukawa unaburuta.

Kijijini niliingia na Land Rover, honi toka mtoni. Ningeweza kwenda kimya kimya kwa vijana, nikawaonyesha baba yao amesimama, yakaisha. Sikutaka. Nilitaka watu wote waje, na yule mfumu aje, waone ni nani aliyesoma kuku na ni nani aliyesoma mtu. Nikaziweka picha mbele ya anga, nikaisimamisha ile safi, nikaeleza ng'ombe na upepo, redio na njugu. Nilieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunichapa. Shangazi alikuwa ameketi pembeni juu ya kinu kilicholazwa, amejifunga kanga mpya kama mtu aliyevalia safari. Nyuma yake walisimama vijana wa kaka. Mapanga waliyashika chini, yanagusa majani.

Mfumu akaomba picha. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga, akaisoma taratibu kama alivyosoma kuku.

"Mashine hii ni nzuri," akasema kwa heshima. "Tunashukuru. Imeona tulichosema, kuna kitu kimewekwa. Kiko hapa, na kimeelekea kushoto, mnaona? Bawa la kushoto. Sasa njugu haiingii mgongoni mwa mtu kwa miguu yake. Mashine imeona njugu. Imeuona mkono ulioipanda?"

Watu wakaguna. Ningesema imeota yenyewe? Kwetu hakuna kinachoota chenyewe hata magugu. Kijana mkubwa akapiga hatua moja. Shangazi hakugeuka. Aliniangalia mimi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Umemaliza kuhubiri?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika sumaku.

"Mkono umeonekana," nikasema.

Nikatoa kichupa, nikamimina ile sindano kwenye kiganja changu cha kushoto, nikaishusha sumaku. Sindano iliruka. Iliruka yenyewe mbele ya macho yao ikajigonga, ti! Mama mmoja akakimbia na mtoto wake.

"Hiki kimetolewa ndani ya bega la kaka yangu. Nani alikiweka?"

Kisha mfumu akasema, bila hofu, maana hakuona cha kuogopa, "Nilikiweka mimi. Ni kinga. Alikuja mwenyewe."

"Mmemsikia."

Nikachukua picha ya kwanza, ile yenye shimo jeusi, nikaiinua juu. "Huu ni mgongo wa kaka yangu sindano ikiwa ndani. Tazameni shimo lilivyomla." Nikainua ya pili. "Huu ni mgongo wake sindano ilipotoka. Shimo liko wapi? Imebaki njugu tu, yai lililotagwa na chuma chake, nalo limetolewa, na mtu huyo hapo amesimama. Alimtia chuma, chuma kikamlaza, kisha akawatuma mkamkate mama wa watu ili njia yake isionekane."

Mfumu alimgeukia kaka. "Sema," akamwambia. "Sema ulivyokuja kwangu."

Kaka alikuwa amesimama juu ya fimbo yake. Alimtazama mfumu, akamtazama shangazi na wanawe nyuma yake. Mdomo ulifunguka. Halafu akaufunga.

Hukumu ilitolewa kabla jua halijageuka. Hawakumkata; nilisema sitaki damu, na wakati ule nilichosema kilisikilizwa. Walimtenga. Asipewe moto, asipewe maji, asipewe chumvi, asisalimiwe, na atakayempa yamkute yaliyomkuta yeye. Vijana walivunja vibuyu vyake vya dawa kimoja kimoja, wakicheka, na mzee alisimama akivitaja majina kila kimoja kilipovunjika, kama mtu anayeita watoto wake.

Jioni mke wa mfumu alikuja kwa shangazi na kigae, kuomba kaa la moto. Sijui kwa nini alimchagua yeye. Labda aliwaza kwamba aliyeponea chupuchupu atajua uchungu wake. Shangazi alimtazama na yale macho yake mekundu, akachukua mtungi, akamwagia maji moto wake mwenyewe, chakula kikiwa jikoni. Moshi ukajaa nyumba.

"Leo mimi pia sina," akamwambia.

Nilikuwa nimeketi hapo. Tulicheka, mimi na shangazi, mpaka alipoanza kukohoa. Usiku huo tulilala njaa na hatukujali. Hajawahi kunishukuru, na mimi sijawahi kungoja shukrani yake. Alikuwa hai, analalamika kwamba kanga niliyomletea ni ya rangi ya wendawazimu. Ningerudishwa siku ile ningeinua picha zile zile, kwa mpangilio ule ule.

Asubuhi nilipotoka niliona mstari mavumbini. Kaka alikuwa ameamka mapema, na mguu wake wa kushoto unaoburuta ulikuwa umechora njia kutoka uwanjani kwetu, ukapita kisimani, ukavuka shamba la mihogo, mpaka mlangoni kwa mfumu. Pembeni ya mstari kulikuwa na majivu, kidogo hapa, kidogo pale, yaliyodondoka kutoka kwenye kigae cha mtu anayebeba moto na fimbo kwa pamoja.

Nilimsubiri. Aliporudi nikamwuliza kama ana wazimu.

"Sindano niliiomba mwenyewe," akasema. "Mara ya kwanza alinikatalia. Nilimlilia."

"Na shangazi? Ulitaka nimwache akatwe?"

Alifikiri. Ndugu yangu hafikirii haraka. "Hapana," akasema. "Nilinyamaza, si ulinisikia? Nilinyamaza pamoja na wewe." Kisha akapita, fimbo, mguu, buruzo.

Alikwenda kila siku. Mstari ule ulikuwa wazi kama barabara ya serikali, watoto waliurukaruka wakienda shule, wanae waliukanyaga wakipeleka ng'ombe. Sheria ilikuwa inajulikana, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa kuwa miguu ile niliigharimia mimi, na hakuna mtu pale aliyetaka kuniuliza inakwenda wapi. Yule mfumu alikufa kabla ya mvua. Kaka na mke wa marehemu ndio waliomzika, wawili tu. Mvua zilipoanza mstari ukafutika, mihogo ikafunga ile njia, na kaka akawa anatembea uwanjani tu, kutoka mlangoni mpaka zizini.